Kikohozi cha Muuaji

Juzi, nyumbani Rebero, binti yangu alinifungulia kwenye simu filamu ya zamani isiyo na rangi. Muuaji alipotokea mlangoni, amevaa kofia pana na kutabasamu, nilimtambua kabla hajasema neno.

Nilimwona mara ya kwanza mchana mmoja nikiwa mdogo, katika ukumbi wa video huko Muhima, ulionukia karanga na jasho. Siku hizo sauti ya filamu ilizimwa, kisha mtu mmoja akashika kipaza sauti na kusema maneno ya wahusika wote kwa lugha yetu. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Yule muuaji, baba alimpa sauti nzito, ya taratibu, na kila mara kabla ya kuua, alikohoa.

"Nyamazeni, anakohoa," mama mmoja alinong'ona nyuma yangu. "Anakuja."

Nilijificha chini ya benchi. Filamu ilipoisha nilimuuliza, "Papa, kwa nini yule mtu anakohoa?"

Baba alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja haraka. "Ili ujue anakuja, mwanangu, ujifiche mapema."

Nilipenda jibu lile. Jioni nilikohoa kama muuaji ili nimchekeshe mama, naye akatoka nje. Mvua zilipoanza tena, baba alikuwa ameshazikwa.

Binti yangu aliongeza sauti. Muuaji alipanda ngazi polepole, bado anatabasamu. Anatisha hata leo. Nilimsikiliza mpaka alipoanguka na kufa. Hakukohoa hata mara moja.