Kabati la Ikram

Kila asubuhi, kabla ya kupiga vanishi, Usta Wagdi, fundi wa samani, alivua miwani, akaipulizia hewa ya kompresa, kisha akaitazama kwenye mwanga. Kioo kikishika ukungu, hakugusa kazi. Dumyati, mji wa Misri, bahari iko mlangoni. Hewa ikishindiliwa ndani ya tangi hutoa maji, maji hufuata mpira hadi kwenye bomba la rangi, na vanishi huota mabaka meupe kama choa.

Ndiyo maana alimganda kaka yake Hamdun, mwenye karakana, mpaka akanunua mashine ya kukausha hewa.

Ikafika zamu ya kumwoza bintiye, Ikram. Chumba cha kulala, yaani kitanda, kabati na vyote vyake, hutoka kwa baba wa bibi harusi, na mtaa mzima hukikagua kikipita juu ya malori kwa ngoma. Jumatano Wagdi akapima hewa, akaiona kavu, akaanza tabaka la mwisho la vanishi. Nyuma yake Hamdun akaizima ile mashine ya kukausha, umeme utoshe kiyoyozi cha duka lake. Kufika alasiri, milango ya kabati ilikuwa imejaa mabaka.

"Umeizima?" Wagdi akauliza.

"Wateja walikuwa wanatokwa jasho, bwana. Na hiki ni chumba cha nyumbani, si cha mteja. Nani atakuja kulilamba kabati?"

Ikram alikuwa amesimama pale pale. Hasira ilimpanda hadi masikioni, lakini malori yalikuwa ya kesho, na mama mkwe alikuwa na ulimi. Akamsihi baba yake wafunike shuka, yaishe. Wagdi akachukua msasa, akaanza kukwangua.

Harusi ikasogezwa mbele. Mama mkwe akauliza anayeolewa ni Ikram au ni kabati. Hamdun naye akaupeleka mkasa mkahawani, akawachekesha nao wavuta shisha. Ikram alimnunia baba yake hadi siku aliyousikia mzaha ule kwa masikio yake. Tangu hapo hakumwamkia ami yake tena.

Wagdi alingoja neno moja tu, nisamehe. Halikuja. Akaihama karakana ya kaka yake, akapiga vanishi kwenye karakana za watu, hadi mapafu yakamshinda.

Hamdun alipeleka hospitali kapu la maembe. Wagdi akaamuru wapewe wafagizi. Ikram alipomwinamia kumrekebishia mto, baba alimshika mkono, akasema taratibu:

"Ami yako asitie bega lake kwenye jeneza langu."