Fomu Yenye Safu Mbili

Ile fomu ilikuwa na safu mbili tu. Ya kwanza iliandikwa Taka, ya pili Mali. Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Sifichi, hasira zangu ziko karibu. Nilizaliwa Ujiji, kwenye familia iliyotoka ng'ambo ya ziwa enzi za babu, na ufundi nilifundishwa na baba yangu aliyekuwa akitengeneza redio. Watu wa mtaani walimcheka, eti anamharibu binti kwa kumshikisha pasi ya kuchomea risasi badala ya mwiko. Mwiko niliushika pia, ila sikuwahi kuupenda. Baba alipofariki nikahamishia kazi Rusimbi, Kigoma mjini, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Kilichotengenezeka nilikitengeneza. Kisichotengenezeka nilikifungua, shaba kando, betri kando, bodi kando, na tajiri mmoja wa Dar alikuwa akituma lori kuchukua mzigo kwa gunia. Kazi chafu, lakini ilikuwa yangu na ilinilisha.

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kagunga, kijiji kile cha wavuvi kilijaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Meli kuukuu ikawa inawaleta Kigoma makundi kwa makundi, wanalala uwanja wa mpira siku mbili tatu, kisha mabasi yanawapeleka kambini. Sasa, pale Kagunga meli haikuweza kufika ufukweni. Watu walipelekwa kwa mitumbwi, wakapandishwa huku mawimbi yanawarusha, na simu zikaloa mifukoni au zikadumbukia ziwani kabisa. Wakishafika mjini, wakishakunywa maji, kitu kinachofuata wanauliza fundi simu yuko wapi. Nilizipokea nyingi. Kila moja niliibandika kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na kila mwenyewe aliniambia neno lilelile: nitarudi kuchukua. Kabla simu hazijakauka, mabasi yalikuwa yameshaondoka nao.

Mmoja wao alikuwa mama wa watoto wawili, mdogo yuko mgongoni. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa simu ndogo ya bei rahisi, kava la bluu limepasuka pembeni, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Mama, unisaidie," aliniambia kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake. "Namba ya bwana wangu iko humu."

Mumewe alikuwa ametangulia kukimbilia Kongo. Siku moja kabla mama huyu naye hajakimbia na watoto, mume alimpigia kwa laini mpya, na mama akaihifadhi namba ile ndani ya simu yenyewe, si kwenye laini. Hakuishika kichwani. Nani anashika namba kichwani huku anafungasha watoto? Simu ilipoingia maji, mume naye akapotea humohumo.

Niliifungua mbele yake, nikaisugua bodi kwa mswaki na spiriti, nikaianika. Siku ya tatu iliwaka. Iliwaka kidogo tu, kioo kikaonyesha picha ya mwanamume aliyembeba mtoto begani, kisha ikazima. Nikajua bodi ni nzima na kilichomo ni kizima, ila kile kipande kidogo kinachogawa umeme ndicho kimekufa, na kipande hicho Kigoma nzima hakikuwepo. Kilibidi kiagizwe Dar. Nilikwenda uwanjani mbio kumwambia. Basi lake lilikuwa limeondoka asubuhi ile.

Nikaiweka rafu ya juu, na nyingine zikaifuata mpaka zikafika sitini na tatu.

Kabla kipande hakijafika, tajiri wa Dar akanipigia. Akasema njiani mizigo inakamatwa, bila kibali cha kukusanya taka za kielektroniki hachukui gunia langu hata moja. Haya. Nikafunga dirisha, nikaenda kutafuta kibali.

Jamani! Kata wanataka barua ya mtaa. Mtaa wanataka barua ya balozi wa nyumba kumi, na balozi kasafiri kwenda kwenye msiba. Wa afya wanataka ukuta upakwe rangi. Wa zimamoto wanataka mtungi. Wa leseni wanasema kalete kwanza karatasi ya mazingira, wa mazingira wanasema kalete kwanza leseni. Nikamwendea karani mmoja, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo yangu vizuri kabisa, nikamuuliza, "Mzee, sasa nianzie wapi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Anzia pale ulipoambiwa." Nikashukuru. Nikatoka nje nikaupiga teke ukuta wao, nikaumia kidole mwenyewe.

Dirisha jingine nikaulizwa babu yangu alivuka ziwa lini, na kwa kibali gani. Mimi! Niliyezaliwa Ujiji, baba yangu kazikwa Ujiji! Ukiwa na asili ya ng'ambo, kila ukitaka karatasi lazima kwanza babu yako afufuliwe aje ajieleze.

"Babu alivuka kabla ofisi yako haijachimbwa msingi," nikamwambia yule kijana wa dirishani.

Maneno hayo yaliniponza. Faili langu likapotea, likapatikana, likapotea tena. Jirani yangu muuza dagaa, aliyekuwa akipita kwangu kila siku akitoka mwalo wa Kibirizi na beseni lake, alinicheka mpaka akaketi chini. "Wewe ukienda ofisini, mdomo uache nyumbani. Niachie mimi nitakutunzia." Nikamwambia mdomo huu hata beseni lake haliutoshi. Tulicheka, lakini mzigo ulikuwa umejaa mpaka mlangoni na nilikuwa nimeanza kuruka mlo wa mchana.

Hatimaye mkaguzi akaja. Kijana mpole, suruali imenyooshwa, hata sauti hakupandisha, na upole wake ndio uliozidi kuniudhi. Alikagua ukuta, mtungi, magunia. Kisha akainua macho kwenye rafu ya juu.

"Hizi ni za nani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Wakimbizi. Watakuja kuzichukua."

"Una stakabadhi?"

"Nina plasta."

Alizishusha zote, akazihesabu, akatia kila kava doa la rangi nyekundu na namba. Ile ya bluu ikawa arobaini na moja. Akatoa fomu, kila simu na mstari wake, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Zikiwa taka, zinaingia kwenye mzigo, mzigo unaondoka, kibali napata. Zikiwa mali, basi nina mali sitini na tatu za watu wasiojulikana, bila risiti, na hilo si la kwake tena, ni la polisi.

"Hakuna safu ya vitu vya watu vilivyowekwa?" nikamuuliza. "Mtu ameacha kitu chake kwa fundi, anarudi kukichukua. Hilo jambo halijawahi kutokea duniani?"

"Safu ni mbili, mama."

"Basi chora ya tatu. Rula ninayo."

Alitabasamu, akanipa wiki mbili za kufikiri.

Wiki hizo sikulala vizuri. Nilimpa dereva wa lori la unga karatasi yenye majina, akaniulizie kambini. Akarudi nayo mfukoni imekunjamana. "Dada, kule ni mji mzima. Nimuulize nani?" Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nikaambiwa kuingia kambini kunataka kibali. Loo! Nilicheka peke yangu barabarani hadi mwenye baiskeli akanikwepa. Na kile kipande kutoka Dar kikawa kinaahidiwa tu, wiki hii, wiki ijayo.

"Saini," jirani yangu akaniambia, safari hii bila kutania. "Utakula plasta?"

Nikasaini. Taka, taka, taka, mara sitini na tatu. Nilipofika mstari wa arobaini na moja kalamu ilisita, mkaguzi akadhani wino umeisha, akanipa ya kwake. Nikaandika kwa kalamu yake. Alihesabu tena yale madoa mekundu, moja moja, akaridhika, akafunga gunia kwa lakiri, akaandika barua ya kuupitisha mzigo njiani. Lori likaondoka jioni. Kibali kikaja baada ya siku nne, na masharti yanasema kitundikwe mahali panapoonekana, nikakitundika juu ya ile rafu tupu. Nikaambiwa pia nichonge muhuri wa biashara. Nikachonga.

Siku ya tano nilikuwa nabadilisha kava la simu ya mteja. Nimeshalifungua, nimeshaitoa bodi, mikono ikasimama yenyewe.

Kava!

Mkaguzi alihesabu makava. Doa jekundu lilikuwa kwenye kava. Ningeitoa bodi ya arobaini na moja, nikaweka bodi mfu kwenye kava lile la bluu, nikafunga skrubu nne, na hakuna mkaguzi wa nchi hii ambaye angejua. Kazi ya dakika tatu. Kazi niliyoifanya kila siku ya Mungu, hata nikiwa napiga soga. Nilikuwa na wiki mbili nzima, bodi mfu zimenijaa magunia, na halikunijia! Nilihangaika na safu, na stakabadhi, na kutafuta karatasi ya kujibu karatasi, nikasahau kwamba mimi ni fundi. Nilirusha bisibisi ukutani, kwenye ile rangi yao mpya. Mteja aliichukua simu yake ikiwa wazi, akaondoka bila kuaga.

Nikampigia tajiri wa Dar. Akanihurumia, kweli alinihurumia, akaniweka kwenye simu huku anauliza watu wake. Kisha akarudi akaniambia gunia lile limeshaingia kwenye mashine jana yake.

Nilikaa sakafuni. Niliwatukana wote, karani, kijana wa dirishani, mkaguzi na upole wake. Nikajitukana mimi mwisho, na mimi ndiye niliyetukanwa zaidi. Kipande kutoka Dar kilifika wiki iliyofuata, kimefungwa vizuri kwenye pamba. Ninacho mpaka leo.

Yule mama alikuja miezi saba baadaye, mchana kweupe. Mkubwa kamwacha kambini, na yule wa mgongoni sasa anatembea, kashika kitenge chake. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Nimechelewa, mama," alisema, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Akanionyesha karatasi aliyokuja nayo, kibali cha kutoka kambini, cha siku tatu. Kwenye sababu ya safari pameandikwa: kuchukua simu. "Mara tano walikataa. Walisema simu si sababu. Mara ya sita kulikuwa na mwingine, akaandika."

Macho yake yakaenda kwenye rafu. Pale juu palikuwa na kibali changu, kwenye fremu, kioo kimefutwa.

Nilimpa kiti nikamwambia ukweli wote. Fomu, safu, kalamu ya kuazima, mashine. Hata lile la kava nilimwambia, sikujificha. Nilitaka anitukane. Nilimwombea nguvu ya kunitukana. Angenizaba kofi ningeona amenitendea wema.

Aliniuliza kitu kimoja. "Iliwaka?"

"Iliwaka. Mara moja."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Kambeba mtoto begani."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi. "Ndiyo, ni yeye." Akamvuta mtoto akamketisha kwenye paja, akamfuta pua kwa ncha ya kitenge. Mtoto akawa anachezea waya zangu, na hakuna aliyemkataza.

Niliahidi mambo mengi. Kwamba nitauliza wavuvi wanaovuka, nitauliza Kibirizi, nitatuma jina lake kwa kila boti inayokwenda Kongo. Na niliuliza kweli, miaka, na sijapata jibu. Siku ile alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno, kisha akainyoosha karatasi yake mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Pale mwenyeji anatakiwa kuthibitisha kwamba kilichomleta msafiri kimetimia.

"Andika nimeipata," akasema.

"Hujaipata!"

"Nikirudi bure, watasema nilidanganya. Sitapata kibali kingine. Na mimi nitataka kutoka tena, kumtafuta. Andika, mama."

Nilitaka kuichana. Nilitaka kuandika juu yake yote niliyoyabeba tangu siku ya barua ya balozi, kwa herufi kubwa, mpaka kalamu itoboe. Nikaandika: amekabidhiwa simu yake. Nikatoa ule muhuri, ambao hadi siku ile ulikuwa haujawahi kugusa karatasi ya mtu mwingine, nikagonga. Aliupulizia wino ukauke. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye fundo la kitenge, akasema urakoze, asante ya kwao, akamshika mtoto mkono wakaondoka kuelekea stendi.

Kwa hiyo kuna ofisi moja yenye karatasi inayosema simu ile ni taka, na kuna ofisi nyingine yenye karatasi inayosema mwenyewe alikabidhiwa. Zote mbili nimesaini mimi.