Kofia ya Chuma na Siagi ya Dukani

Sisi tuliolelewa na baba wanajeshi tunaijua kutu. Watoto wa siku hizi wakiiona, wanaipiga picha.

Kwetu Mbarara, baba alirudi kutoka vitani na vitu viwili: Kiswahili, ambacho alitugombeza nacho, na kofia ya chuma. Ilining'inia jikoni juu ya mafiga, penye joto na moshi, na kila Jumamosi zamu ilikuwa yangu. Kwanza majivu na mchanga laini, unasugua mpaka bega likuite jina. Kisha kitambaa kikavu. Kisha samli ya mama, kidogo, kama unampaka mtoto mchanga. Ukimaliza huigusi kwa mkono mtupu, maana jasho huacha alama, na baba alizijua alama za vidole vyetu kuliko polisi. Mbwa wetu alishinda chini ya ile kofia akitazama juu kama anasali.

Baba aliizungumzia kama ng'ombe. "Umeilisha?" Halafu anapitisha leso nyeupe. Leso ikitoka na wekundu, jioni hunywi maziwa.

Sasa nipo Stockholm, na mjukuu wangu Nakato, binti wa miaka kumi na tisa aliyezaliwa hapa, ana mchezo wake. Yeye na wenzake huvaa mavazi ya chuma ya watu wa kale, wanaingia msituni na kupigana kwa panga butu. Hawalipwi. Nimeuliza mara mbili.

Kofia yake aliiweka kwenye stoo ya chini ya jengo letu la mtaa wa Rågsved, ndani ya mfuko wa plastiki, unyevu wote ule. Jumatano tukaikuta na madoa. Na Jumamosi hiyo ndiyo angeongoza kikosi kwa mara ya kwanza. Machozi yakamlenga, akatoa simu aiulize. Nikamwambia airudishe mfukoni. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, nikafungua karakana ya baiskeli Farsta kwa mikono hii, na mambo ya chuma sifundishwi na simu.

Nikasugua. Samli sikuwa nayo, nikachukua siagi kwenye friji na kupaka bila ubahili. Ijumaa asubuhi kofia ilikuwa imeota upele mwekundu kuliko mwanzo.

Nakato alifungua friji, akasoma boksi, akaja nalo. "Morfar," akasema, ndivyo Waswidi wanavyomwita babu mzaa mama, "hii ina chumvi."

Nimekula siagi ile miaka arobaini. Ulimi wangu ulijua. Hakuna aliyeuuliza.

Sikuomba msamaha, wazee wenzangu mnanielewa. Niliteremka uani nikachota majivu kwenye jiko la kuchomea soseji, jirani na mbwa wake wakinitazama, tukakaa baraza ya ghorofani tukasugua wote wawili. Huku tukisugua nikamsimulia habari za baba na leso yake. Jioni nikachemsha siagi isiyo na chumvi, boksi safari hii kalisoma yeye, mpaka ikawa samli ya kweli. Kesho yake alipokwenda kupanda treni, kofia imeng'aa, mbwa wa jirani alimfuata mpaka stesheni akimburuta jirani nyuma yake.

Ile ya baba ilibaki jikoni siku tulipokimbia nchi. Mikono yangu ilikuwa imebeba watoto. Nyumba ilikaa tupu miaka, hakuna aliyeipaka kitu, na najua kutu inavyofanya kazi.

Ya Nakato sasa inaning'inia jikoni kwangu, juu ya jiko la umeme lisilotoa hata moshi. Yeye amehamia mtaa wa Hagsätra. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi tangu ajue kusema, lakini kila Jumamosi asubuhi hupiga simu na neno moja.

"Umeilisha?"

Zamani nilisugua kwa kuogopa leso. Siku hizi nasugua mapema, nakaa karibu na simu. Ikilia nasimama wima.

"Ndiyo, afande."