Baba wa Punda Wetu

Juzi, katika ofisi ya mifugo hapa Lamu, karani kutoka bara, aliyeletwa baada ya Uhuru, alikuwa akiandikisha punda ili wachanjwe. Bi mmoja alikuja na mtoto wa punda.

"Mamake?" akauliza karani.

Bi akalitaja jike lake, kisha mama wa jike hilo, kisha nyanya yake, mpaka karani akainua mkono.

"Na babake?"

"Simjui, Bwana. Punda wetu huzunguka ndiani, huru mitaani. Mwenye jike ndiye mwenye mtoto. Dume hatumuulizii."

"Fomu inamuulizia. Bila baba hakuna sindano."

Bi akamtazama mtoto wa punda, akanyoosha kidole dirishani, kwa punda wa ofisi aliyefungwa kivulini. "Andika huyo."

Karani akaandika. Sisi tuliokuwa nyuma tulisikia, na tulipofika mezani kila mmoja akamtaja huyo huyo. Punda wetu wote wakachanjwa.

Mimi na fomu hatuna ugomvi. Ila punda yule alihasiwa zamani na ofisi hiyo hiyo, na hati yake imo kabatini, nyuma ya kiti cha karani.