Mguu wa Kushoto
Jirani yetu hapa mtaani Tshopo ni dereva wa tajiri wa almasi aliyekimbia vita; kila asubuhi hulisogeza uani gari jekundu la mbio aliloachiwa na tajiri huyo, betri isife. Gia zake hubadilishwa kwa vidole, kwa vibao viwili nyuma ya usukani, klachi hakuna. Lakini mguu wake wa kushoto, uliochakaa kwenye malori ya barabara ya Ubundu, bado hukanyaga sakafu tupu.

Jana askari walikuja kulichukua. Mmoja akaketi kwenye usukani, akapapasa chini akitafuta klachi, kisha pembeni akitafuta gia.

“Papa, ambrayaje iko wapi? Na vitesi?”

Dereva alijifuta uso kwa kiganja, kama afanyavyo siku hizi akiulizwa lolote.

“Benzenu balishabeba, shefu.”

Askari hakushangaa kusikia kwamba askari wenzake walishaviiba. Alishuka, akafunga mlango taratibu. Walipoondoka bila gari, dereva alikaa kitini bila kuwasha injini, mguu wa kushoto ukiendelea kukanyaga klachi “iliyoibwa”.