Mwingereza au Mjapani? Gari mbili za viti viwili kwenye barabara ya Meru na Embu, miaka ya tisini

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mlimani na wa tambarare.

Mzee akikupa gari, kisha akaibariki kwa mate yake, unaweza kuibadilisha na nyingine bila kuiacha ile baraka nyuma?

Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi nilipokuwa kijana. Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu. Nitasimulia vile ilivyokuwa, bila kujipamba.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi. Digrii ilikuwa ndani ya bahasha, kazi hakuna. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, pale Meru town, karibu na msikiti.

Mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kitu chenyewe kinachoka. Nikienda soko la Gakoromone kununua viazi, nilikuwa nasimama katikati ya akina mama wawili nikijiuliza yule nisiyenunua kwake atajisikiaje, mpaka wote wawili wananiuliza kama nimepotea.

Katika hali hiyo ndipo Baba Mkubwa akanipa gari.

Baba Mkubwa ni kaka ya baba yangu, na aliishi Nkubu, kwenye barabara ya kwenda Embu. Gari yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya viti viwili, ya miaka ya sitini. Paa la turubai, usukani wa mbao, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa. Make, yaani kampuni iliyoitengeneza, sitataja, msije mkaanzisha vita hapa.

Aliinunua kutoka kwa mzungu aliyekuwa anahama shamba upande wa Timau. Tangu nikiwa mtoto, ilikaa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya jikoni. Baba Mkubwa alikuwa akiitoa mara chache tu, kwa safari za Embu.

Siku nyingine zote ilikuwa yetu sisi watoto. Tuliingia, tukashika ule usukani, tukanguruma kwa midomo. Nikiwa darasa la tatu niliendesha gari ile mpaka baharini na kurudi, na haikuwa imesogea hata kidogo. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi kuukuu na petroli, nasikia pia mvua ikianguka juu ya mabati.

Sasa siku ya kunipa, Baba Mkubwa alivaa koti lake la kanisani. Akachukua funda la maziwa, akanitemea kidogo kifuani, halafu akatemea boneti. Wazee wetu hubariki hivyo, na yeye, mzee wa kanisa, hakuona ubaya wowote.

Ikabaki alama nyeupe ya maziwa karibu na taa ya kushoto.

Na hapo ndipo kichwa changu kikaanza.

Sikuiosha ile alama. Niliogopa kwamba nikiipangusa, nitakuwa nimepangusa baraka. Nilikuwa naosha gari yote, nikifika pale nazunguka na kitambaa kama mtu anayepalilia kando ya mche. Mvua ikitisha, nafunika na kipande cha plastiki.

Fundi Saidi, jirani yangu pale Majengo aliyenisaidia na kabureta, alinitazama siku moja mpaka nikamaliza.

"Mwenda," akaniambia, "sisi tukitawadha haturuki uso. Wewe unaosha gari unaruka uso."

Nikakamua kitambaa nikakianika.

Ni hapo kwa Fundi Saidi ndipo Bwana Njeru alipoiona. Njeru alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kianjokoma, upande wa Embu, mtu mzima, mpole, kofia iko mkononi kila wakati. Aliizunguka gari. Kisha akanieleza kwamba alipokuwa mdogo, akibeba kahawa na mama yake kwenda kiwandani, gari kama hiyo iliwapita, na mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani. Hilo tu. Ameibeba picha hiyo maisha yake yote.

Yeye alikuwa na gari ya Kijapani, nayo ya viti viwili na paa la turubai, mpya kabisa, imeshuka Mombasa majuzi. Taa zinachomoza zenyewe kwenye boneti ukiziwasha. Akataka tubadilishane, moja kwa moja, hakuna wa kumwongezea mwenzake kitu.

Kila mtu niliyemwambia alidhani nina wazimu kwa kutokubali hapo hapo. Ile mpya ilikuwa na thamani kubwa kuliko ya kwangu, hata kipofu angeona. Lakini ningemwambia nini Baba Mkubwa? Na maziwa je?

Tukakubaliana nipeleke Mwingereza Kianjokoma, nimwachie, nirudi Meru na Mjapani, kila mmoja akae na gari ya mwenzake wiki moja, halafu tuamue. Nitaziita hivyo, Mwingereza na Mjapani, tuelewane haraka.

Niliondoka asubuhi, turubai limekunjwa nyuma.

Wakuu, wanaoijua barabara hiyo wanajua. Inashuka bonde, inavuka mto, inapanda, inapinda, inashuka tena, kana kwamba mlima umepitisha vidole kwenye udongo. Kulikuwa na ukungu. Kahawa ilikuwa imetoa maua baada ya mvua, na harufu yake ilikuwa inaingia ndani ya gari na kutoka, inaingia na kutoka, kila kona. Sauti ya injini ilipiga ukingo wa barabara ikanirudia, mpaka nikahisi kuna mwenzangu upande ule mwingine, anaendesha sambamba na mimi ndani ya ukungu, hatuonani.

Mwingereza alitaka mikono yote miwili. Alitaka sikio, maana gia ya pili ukiisukuma kabla injini haijatulia, inalia. Alitaka pua, kwa sababu harufu ikibadilika kuna kitu kimelegea. Alitaka jicho moja kwenye mshale wa joto.

Baada ya daraja la Nithi kuna mlima wa kupanda kuelekea Chuka. Tulipofika juu, alikuwa amechemka.

Pale juu kuna kibanda cha mama mmoja aliyeuza ndizi, Mama Karimi. Kabla sijafungua boneti alikuwa tayari anakuja na debe la maji.

"Yule mzee wako bado yuko hai?" akaniuliza. "Mwambie debe lake linashika kutu."

Kumbe kwa miaka yote hiyo, Baba Mkubwa alikuwa akichemka hapo hapo. Debe lilikuwa lake, yeye ndiye aliyelinunua akamwachia. Tulingoja injini ipoe tukila ndizi. Mama Karimi alinieleza habari za Baba Mkubwa ambazo nyumbani hakuna anayezijua, kama vile alivyokuwa akiimba nyimbo za kanisa akimimina maji ndani ya rejeta, sauti ya tatu ya kwaya, peke yake.

Kianjokoma nilifika mchana. Nikampa Njeru ufunguo, nikamwomba jambo moja tu, asioshe boneti.

"Hata ikipata vumbi?"

"Hata vumbi."

Akavaa kofia, akavua tena.

Sasa Mjapani. Nitasema ukweli ulivyo. Hakuna kitu Mwingereza alifanya ambacho Mjapani hakufanya vizuri zaidi. Aliwaka mara moja. Breki zilishika. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa kuota. Nilifunga vioo, nikawasha AC, dunia ikanyamaza. Milima yote ile aliipanda kama hakuiona. Nilipita kibanda cha Mama Karimi, yeye akainua kichwa, akaona gari asiyoijua, akarudi kwa ndizi zake.

Na kwa kuwa gari haikunihitaji, mawazo yakapata nafasi.

Nikaanza na interview niliyokuwa naingoja. Kabla ya Chogoria nilikuwa nimeshaikosa. Igoji nilikuwa nimezeeka bila kazi. Kufika Nkubu nilikuwa tayari najiuliza nani angekuja kwenye mazishi yangu, na kama ingenyesha. Nilipozima injini sikuweza kukumbuka hata kona moja. Barabara nzuri kama ile, nimeipita kama mtu aliyebebwa amelala.

Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya nyumba. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini alijua kwa sauti kwamba sikuja na gari yake.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kuanzia Runyenjes, ina utangulizi na kila kitu. Badala yake nikamwambia kwa pumzi moja, habari ya Njeru, habari ya kubadilishana, na habari ya maziwa kwenye boneti ambayo nilikuwa bado sijayaosha.

Alicheka mpaka akatoa kitambaa akapangusa macho.

"Mwenda, ulikuwa unafunika mate yangu na plastiki?"

"Mvua ilikuwa inakuja, Baba Mkubwa."

"Na hapa?" Akanigusa kifuani. "Hapa pia hujaoga?"

Nikasema nimeoga.

"Basi. Nilianza na wewe. Gari nilitemea kwa sababu maziwa yalibaki mdomoni."

Akaomba tumpeleke Mjapani barabarani kidogo. Nikafungua turubai. Akaketi, akapapasa mlango, akapapasa dashibodi, akauliza kama hii inachemka. Nikamwambia haichemki. Akauliza kama unaweza kufika Embu bila kusimama. Nikamwambia unaweza.

Tukaenda mpaka karibu na Igoji na kurudi. Upepo ulikuwa unacheza na kola ya koti lake. Nilidhani anaomboleza gari yake. Nilikuwa natafuta maneno ya kumfariji.

"Kama ni mimi," akasema, "ningechukua hii ya Mjapani. Ile nyingine imeniumiza magoti miaka mingi. Sikuwa na nyingine, ndiyo maana niliipenda."

Wakuu, mnaelewa kilichonipata? Kikwazo changu chote kilikuwa yeye. Sasa amekiondoa, tena amenisukuma upande mmoja. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliogopa kuliko mwanzo, maana sasa hapakuwa na mtu wa kumwekea uamuzi ule ila mimi.

Nikamuuliza, je, nikibaki na ya zamani?

"Ni yako," akasema. "Utajaza maji mwenyewe."

Wiki ile Mjapani hakuwahi kunisumbua hata siku moja, na mimi sikuwahi kupumzika hata siku moja. Niliendesha nikifikiria, nikaegesha nikifikiria. Nikaja kuona kwamba ile gari kuukuu ilikuwa ikichukua wasiwasi wangu wote na kuutumia barabarani, kama petroli. Nikishuka ndani yake nilikuwa mtupu, mikono inanuka mafuta, kichwa kimetulia. Hakuna kitu kingine kilichokuwa kimenifanyia hivyo.

Siku ya kurudi Kianjokoma nilimwambia Njeru hapana. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kabla chai haijaletwa, ili nisianze kupima tena.

Hakukasirika. Alikuwa ameifunika boneti na gunia safi la kahawa, akalitoa polepole. Aliniomba tu kwamba nikipita Embu, nimruhusu akae ndani kidogo. Hata ikiwa imezimwa. Nikamwambia tutaenda pamoja mpaka kiwandani kule alikobeba kahawa na mama yake, turubai likiwa limefunguliwa, na yeye ndiye atakayeshika usukani.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu kipya kinaweza kukishinda cha zamani kwa kila kipimo, na bado kisiwe chako. Na ruhusa ya wakubwa ni nzuri, ila haiamui mahali pako. Kama kuna mwenye gari aliyoikataa ambayo bado anaiota, au aliyechukua mpya na hajawahi kujuta, aandike hapo chini, nitasoma zote. Wa Chuka mtaniambia kama kibanda kile bado kipo.

Namalizia na hili.

Nikirudi Meru siku hiyo, nilisimama kwa Mama Karimi. Mwingereza hakuwa amechemka. Nilisimama tu. Akaja na debe kama kawaida, akashangaa kuona boneti haitoi mvuke, akauliza sasa maji ni ya nini.

Nikavua shati la juu, nikalilowesha. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni na barabara ilikuwa kimya.

Nikaanza karibu na taa ya kushoto. Nikaiosha gari uso.