Kopi Safi Kupita Kiasi

Kopi ya diski ilikuwa imefika asilimia sitini na mbili wakati Papa Balagizi aliponiuliza kama mashine inaweza kusahau mtu.

Nilimwambia haiwezi, mradi kadi isipotee.

Nilikosea. Watu wa Majengo, mtaa wetu hapa Goma, wanalisimulia jambo hili kwa namna yao, na si yote wanayosema ni kweli. Basi acha niliseme mimi niliyekuwepo.

Jina langu ni Célestin. Natengeneza konsoli za michezo za zamani, hizi za diski, ndani ya kibanda cha mbao. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu zangu mwenyewe, na kila nilichoharibu nilikiandika kwenye daftari.

Papa Balagizi ni mtu wa Bukavu, anaishi hapa Goma, mtaa wa Keshero. Kazi yake ni kujaza karatasi za forodha za malori.

Mwanawe Buhendwa alikuwa na miaka kumi na tisa. Januari 2025, siku vita vilipoingia mjini, alitoka na bidoni mbili kwenda ziwani kuchota maji.

Hakurudi. Hata bidoni hazikuonekana.

Aliacha mchezo mmoja katikati. Mbweha anakusanya mawe mekundu, kisiwa baada ya kisiwa. Ukiwasha konsoli, kadi ya kumbukumbu inakuonyesha: BUHENDWA, saa 61, dakika 14.

Mama yake, Mama Cibalonza, aliiwasha kila Jumapili baada ya misa. Hakugusa kitu. Alitazama jina, akazima. Ndugu walipomwambia wakati wa kuweka matanga umefika, aliwajibu kwamba mtu aliyeacha mchezo katikati atarudi kuumaliza.

Miezi saba. Hakuna misa ya marehemu, hakuna kilio, hakuna kitu.

Mwezi wa nane papa akaja kwangu na konsoli ndani ya mfuko. Alitaka kuumaliza mchezo yeye mwenyewe. Diski ilikuwa ya kiwandani, zawadi ya mjomba aliye Ubelgiji, lakini ilikuwa na ufa pembeni na ilikwama njiani.

Hapa Goma diski ya kiwandani ni kitu cha kusikia tu. Sote tunacheza kopi. Konsoli inatafuta alama ambayo kompyuta haiwezi kuikopi, na sisi tunaidanganya kwa puce, kipande kidogo kama ukucha kinachoinong'oneza alama hiyo. Nimechomelea puce zaidi ya mia mbili. Kwangu mimi, diski ikisoma, kazi imekwisha.

Nikachomelea puce kwenye konsoli ya muzee, nikaweka kopi ya diski yake. Ilisoma.

Kwao umeme ni wa mgao, huja Jumapili tu, kwa hiyo kila siku saa kumi alikuja nayo kibandani, miwani puani, akacheza. Vijana wa pikipiki waliokuwa wakichaji simu walimcheka.

"Papa, ruka! Unacheza ama unajaza karatasi ya lori?"

"Wewe ulianguka na pikipiki yako mahali hakuna hata jiwe," muzee alijibu bila kugeuka. "Nyamaza kwanza."

Wakacheka mpaka wakashika ukuta. Tangu siku hiyo wao ndio waliomfundisha vifungo.

Katika mchezo kulikuwa na kobe mzee anayetokea na kuongea Kiingereza kirefu. Sisi hatusomi maneno ya michezo. Tunabonyeza X mpaka yaishe. Kila mtoto wa hapa anajifunza hivyo. Muzee naye wakamfundisha: bonyeza, papa, bonyeza. Akabonyeza.

Wiki ya pili mawe yakaanza kupungua. Anakusanya ishirini, kesho yake anakuta kumi na mbili. Nikasafisha lenzi. Nikabadilisha waya. Nikaandika kwenye daftari: sababu haijulikani.

Ndipo Vanessa, aliyesoma Kampala, alipopita kuchukua simu yake. Muzee alikuwa ametoka nje kidogo, na kobe alikuwa amesimama kwenye skrini. Vanessa akasoma polepole.

"Anasema hii diski ni kopi. Anasema mukiendelea, kitu kibaya kitatokea."

Muzee alipoingia, nilikuwa nimeshabonyeza X.

Usiku huo nilitafuta kwenye simu mpaka nikaelewa. Kwenye diski ya kweli, kiwanda kiliweka makosa madogo kwa makusudi. Kompyuta yangu, ikikuta kosa, inalisahihisha. Kopi yangu ilikuwa safi kupita kiasi, na mchezo ulijua. Haukatai. Unakuacha ucheze, unakuibia kidogo kidogo, kisha kwenye pigano la mwisho unafuta kadi yote.

Kesho yake nilinuia kumwambia. Nikamkuta anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu aje kwangu mara ya kwanza.

Nikajipa siku moja. Kisha ya pili. Nilijiambia nitapata kadi nyingine kwanza, nihamishie jina humo, halafu ndipo niseme. Mtu mwenye kadi hizo alikuwa mtaa wa Mabanga. Nilimfuata siku ya tatu.

Niliporudi na kadi mfukoni, muzee alikuwa tayari kwenye pigano la mwisho. Vijana walikuwa wamemfungulia kibanda. Nikasema asimame. Skrini ikawa nyeusi kabla sijamaliza kusema.

Ilipowaka, mchezo ulikuwa mwanzo kabisa. Nikafungua orodha ya kadi.

Tupu.

Niliwaomba vijana watoke. Nikamweleza yote, hata zile siku tatu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Célestin, ninajaza karatasi za malori ya Uganda miaka ishirini na mbili. Kiingereza ninasoma."

"Ulisoma maneno ya kobe?"

"Siku ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini aliendelea.

"Mama yake hawezi kulia jina likiwa bado pale. Na mimi siwezi kulia peke yangu ndani ya nyumba ile." Alitazama skrini. "Nilijaribu kufuta jina kwa mukono yangu. Kidole kilikataa. Basi nikasema, acha ifute yenyewe."

Aliniomba nimwambie mkewe kwamba mashine iliharibika. Alichomoa kadi, akaitia mfukoni. Aliondoka bila konsoli.

Leo asubuhi Mama Cibalonza amekuja. Kadi alikuwa ameifunga kwenye pembe ya kitenge. Ameifungua, ameiweka mbele yangu.

"Papa yake anasema mashine imekula jina ya mutoto. Wewe ni fundi. Tafuta."

Nimefungua kadi. Nimesafisha meno yake ya shaba kwa pamba, moja moja, nikijua hakuna kitu ndani. Yeye amekaa kwenye benchi bila kula mpaka saa kumi na moja jioni.

"Utapata?" ameniuliza akiinuka.

"Kesho, mama."

Ndugu msomaji, nilichojifunza ni hiki: onyo likisimama mbele yako, usilibonyeze lipite. Na ukijua jambo, liseme siku hiyohiyo. Ukilingojea kesho, mwingine atakuamulia.

Nimeyaandika haya kwa mkono wangu. Kadi iko wazi mezani, skrubu zake ndani ya kisosi. Saa mbili asubuhi mama atakuwa mlangoni.